Kidole Kimoja cha Mellen

Jua limeshachomoza juu ya malundo ya kokoto ya machimbo ya dhahabu ya Macalder, na Mellen Aoko ameinama kwenye beseni la maji machafu. Anazungusha karai polepole, maji yanamwagika pembeni, mchanga mweusi unabaki chini. Vidole tisa viko majini. Cha kumi, kile kidogo cha mkono wa kushoto, kimevikwa nailoni na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Amekiinua juu kama mgeni anayenywa chai kwa chifu.

Hakina kidonda.

"Mama Levis, huyo mtoto wako bado hajaamka?" anatania Liz, jirani yake anayeponda mawe kando yake, akikionyesha kidole kwa kidevu.

"Mwache alale. Ana safari Jumanne."

Wanawake wanacheka. Mellen anacheka pia, kisha anakitazama kidole. Hata yeye, anasema, hajaelewa ilikuwaje mambo yake yote yakaja kukaa hapo.

Mellen ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa bonde la Lambwe, akaolewa hukohuko, akalima mahindi na pamba. Mumewe alipofariki alihamia kwa dada yake huku Nyatike, na kazi aliyoikuta ni ya kuosha dhahabu. Miaka kumi na minne sasa anasugua unga wa mawe kwa mikono mitupu. Siku njema hupata shilingi mia nne. Siku mbaya hurudi nyumbani na kiu tu.

Mwaka jana jicho la kulia lilianza kuona ukungu. Alidhani ni vumbi. Akanawa, akanawa tena. Kisha la kushoto likafuata. Siku moja alimwaga mchanga akidhani hauna kitu, Liz akapiga yowe: dhahabu ilikuwa inang'aa pale chini.

Tangu siku hiyo Liz ndiye macho yake. "Namuuliza, kuna kitu? Akisema kipo, kipo. Akisema hakuna, namwaga," anasema Mellen.

"Ningekuwa mwizi," Liz anadakia, "saa hii ningekuwa na ploti Migori mjini, yawa!"

Dorine, mhudumu wa afya ya jamii anayezungukia nyumba za wachimbaji, ndiye aliyemwambia kwamba huo ni mtoto wa jicho na kwamba upasuaji mdogo ungemrudishia kuona. Fedha za mkononi hazingetosha. Lakini Dorine alikuwa amemsajili kwenye bima ya afya, na Mellen alikuwa ameuza mbuzi wake wawili akalipa ada ya mwaka mzima.

"Nilienda Homa Bay kifua mbele," anakumbuka. "Nimelipa, kitambulisho niko nacho. Nikajua nimefika."

Kijana wa mapokezi ya hospitali aitwaye Cephas alimwomba aweke kidole kwenye kioo cha mashine. Taa ikawaka nyekundu. Akaweka kingine. Nyekundu. Cephas alipangusa kioo kwa shati lake, akapangusa vidole vya Mellen kwa spiriti, wakaanza upya. Wapi.

"Inasema nini?" Mellen aliuliza.

"Inasema haikujui, mama."

"Na wewe?"

"Mimi nakuona. Hata picha ni yako. Lakini kwa upasuaji lazima kidole kikubali."

"Sasa kama mimi si Mellen, nani amelipa?"

Cephas alitaka kucheka. Akaona mama hatanii, akaacha.

Alielezwa kwamba mashine inatafuta alama zilizochukuliwa alipoandikishwa kitambulisho kule Lambwe, kabla ya dhahabu. Mawe yameila mistari yote. "Inamtafuta yule msichana," anasema Mellen. "Hata mimi sijui alienda wapi."

Muuguzi alimshauri apumzishe mikono wiki tatu, aipake mafuta, asiguse mawe. Ushauri ulikuwa mzuri, ila Mellen alitoka nao akiwa hajui aushike wapi. Asipofanya kazi hatambuliwi. Akiacha kazi hali, na ada ya mwakani hailipi.

Pale penye mabeseni wanawake walibishana asubuhi nzima. Kuna aliyesema mashine ni mbovu. Kuna aliyesema amefungwa na mtu, aende akaombewe. Liz ndiye aliyekata maneno: "Atatupikia. Vyombo tutaosha sisi."

Basi Mellen akawa mpishi. Kila jioni walimkatia kidogo katika walichopata. Alilala na mikono iliyopakwa mafuta, imevikwa soksi. Walimwita bibi wa D.C., mke wa mkuu wa wilaya asiyeshika kazi. Yeye mwenyewe alikuwa akiitazama mikono ile laini na kushangaa ni ya nani.

Aliporudi hospitali, Cephas alimkumbuka. Gumba likakataa. Shahada ikakataa. Vilipofika tisa, Mellen alichukua mkoba wake.

"Bado kimoja, mama."

"Hicho? Hicho hakijawahi kufanya kazi yoyote."

Akakiweka. Taa ikawaka kijani, na Cephas akapiga meza kwa kofi. Mellen hakufurahi mara moja. "Nilikitazama tu," anasema. "Nikamuuliza yule kijana, kwa hiyo mimi ni hiki?"

Upasuaji ni Jumanne, na asubuhi hiyo kidole kitaulizwa tena kabla hajaingia ndani. Wenzake nao wana watoto, hawawezi kumlisha daima, kwa hiyo amerudi majini. Ndiyo sababu ya nailoni.

Dorine naye amebaki njia panda. Anajua wengine sita waponda mawe ambao vidole vyao vimekataa. "Nawasajili, wanalipa, halafu mashine inawakana," anasema. "Nikipita kwao wananiuliza mimi. Niwajibu nini?" Kwa sasa amewaambia wote wasome kwa Mellen: wachague kidole kimoja, wakitunze.

Mellen anainua karai kuelekea kwa Liz.

"Kuna kitu?"

"Kipo, kidogo. Na Jumatano usiniulize tena."

Mellen anatabasamu. Wakimfungua jicho, anasema, dhahabu itasubiri. "Cha kwanza nataka nikitazame vizuri hiki kidole. Nione kina nini ambacho wenzake hawana."