Msiba Alioutangaza Brigita

Brigita binti Fulgensi nilifua naye mashuka ya hospitali ya misheni, hapa Ifakara, kwa miaka miwili, na sitaki mtu aniambie kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mkaidi. Ukimwambia jambo haliwezekani, anakujibu, "Tutaona," kisha anaendelea kusugua shuka lake kana kwamba hukusema kitu.

Jambo alilolitaka lilikuwa uuguzi. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa chuo cha serikali, mbali huko, ambako msichana huacha kazi na kukaa bwenini miaka mitatu. Hiyo Brigita asingeiweza. Mama yake alikwisha kufariki, na wadogo zake wawili walikuwa shuleni kwa mshahara wake wa udobi. Njia ya pili ilifunguka mwaka huo wa hamsini na saba: masista walitangaza darasa la wauguzi wasaidizi kwa wafanyakazi wao wenyewe. Asubuhi unafua, saa tisa alasiri unaingia darasani. Yalitakiwa mambo mawili tu, kufaulu mtihani na mzazi kuweka kidole gumba kwenye karatasi ya ridhaa. Kwa sisi madobi ilitengwa nafasi moja. Mimi damu siiwezi, kwa hiyo msinitazame.

Mtihani ulikuwa wa mwezi wa sita. Mwezi wa tano Brigita akapewa likizo ya wiki mbili, akavuka mto kwenda kuamia ndege. Mpunga ulikuwa unatia maziwa, na hapo ndege hushuka kwa makundi tangu alfajiri. Mtu anakaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, anavuta kamba zilizofungwa makopo na kupiga kelele mpaka koo linakauka. Ukiliacha shamba siku moja, unavuna makapi. Baba yake, Mzee Fulgensi, alikuwa seremala wa misheni na hakuwa na likizo. Bibi yake, Natalia, alibaki nyumbani na wale wadogo. Shamba lote lilikuwa juu ya Brigita.

Jumamosi Sista akatuita. Daktari wa kusahihisha alikuwa anasafiri, hivyo mtihani usingengoja mwezi wa sita, ungefanyika Alhamisi, na asiyekuwepo asahau. Jumapili baada ya misa nikapanda mtumbwi, na maji yalikuwa yamejaa hata nikajuta. Nilimkuta juu ya dungu, sauti imemkauka, daftari mapajani.

"Alhamisi," nikamwambia.

Alitazama shamba, akanitazama mimi. "Nitamwomba Baba Wendelin aniamie siku moja."

Wendelin ndiye aliyekuwa na dungu la jirani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa bila hasira. Kule ng'ambo wakati wa ndege kila mtu ana shamba lake, na desturi inajulikana: mwenzako unamshikia shamba akipata msiba, ama mkewe akishikwa na uchungu, basi. "Mtihani si msiba, mwanangu," alisema. Mimi nikarudi zangu mjini nikijua kwamba Brigita amekwisha. Niliumia, lakini sikuwa na la kufanya.

Alhamisi asubuhi naanika mashuka, namwona huyo anaingia getini, miguu imejaa tope. Hakunisalimu. Akapita moja kwa moja hadi chumba cha mtihani. Nikafurahi, mjinga mimi, nikidhani Wendelin amelegea.

Haikufika saa nne nikasikia vilio kutoka upande wa mtoni. Wakapita wanawake wenye kanga vichwani, wanaume na kuku mikononi, mmoja amebeba gunia la mchele. Nikamwona Wendelin katikati yao, analia waziwazi. Nikauliza nani amefariki.

"Bibi Natalia," akasema. "Brigita ametuambia alfajiri."

Bibi Natalia nilikuwa nimesalimiana naye njiani asubuhi ile, na alinicheka kwa kuchelewa kazini.

Brigita alikuwa amepiga hesabu yake vizuri, kasoro mahali pamoja. Kwenye msiba wa kawaida wengine huenda kuzika, wengine hubaki kushika mashamba. Lakini Bibi Natalia alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa kule walizaliwa mikononi mwake, na nusu nyingine ni wake zao aliowazalisha. Nani akubali kubaki na ndege siku ya kumzika mkunga wake? Madungu saba yaliachwa wazi.

Mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa hatua ishirini kutoka kwenye kamba zangu. Nilijiuliza nimwite au nimwache. Nikamwacha. Niliogopa sana, lakini nilimwacha amalize.

Alipotoka alikuwa anatabasamu. Nilipomweleza, tabasamu likakauka usoni. "Wote?" akauliza. Kisha akaanza kukimbia, nami nyuma yake.

Uani kwao watu walikuwa wamejaa. Bibi Natalia alikuwa kwenye kigoda chake, ungo wa mchele mbele yake, amefura kwa hasira. Mzee Fulgensi alikuwa ametolewa kazini, mavumbi ya mbao yangali nywelini. Brigita akapiga magoti katikati.

"Shikamoo bibi."

Bibi hakuitikia.

Baba yake ndiye aliyesema. "Aliyemuua bibi yake kwa mdomo hatapewa wagonjwa. Hiyo karatasi ya Sista sitaigusa." Watu wakaitikia kwamba ni haki. Wendelin akaongeza kwamba tangu leo watu wa nyumba ile wakimwita hata kwa msiba wa kweli, kwanza atauliza. Yakaniuma, kwa sababu alisema kweli.

Bibi Natalia akasogeza ungo pembeni. "Kwa nini mimi? Baba yako yupo. Shangazi zako wapo."

Brigita alijibu akitazama chini. "Kwa sababu ni wewe tu ambaye Baba Wendelin asingeweza kumkatalia."

"Kwa hiyo ulijua wananipenda, ukalitumia pendo lao."

"Ndiyo, bibi."

Bibi akamgeukia mwanawe. "Fulgensi, weka kidole."

"Mama, amekuzika."

"Amenizika, na sijamsamehe. Lakini wanawake wanaendelea kuzaa, nami macho yananiishia. Weka kidole."

"Na kile ndege walichobakiza shambani je? Darasa linaanza Jumatatu, likizo inakatwa. Hawa hawatamwamia tena."

"Nitakwenda mimi," alisema Bibi Natalia.

Wendelin alifungua mdomo, Bibi akamkata kwa jicho. Hakutaka msaada wa mtu yeyote, alisema, kwa sababu deni hilo la aibu lilikuwa la nyumba yake. Mzee Fulgensi alikandamiza kidole kwenye karatasi Jumamosi, mbele ya Sista, bila kumtazama binti yake. Brigita alikuwa amefaulu, wa kwanza.

Jumatatu mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kabla ya kufua tulikwenda sote wawili mtoni kumpandisha Bibi kwenye mtumbwi. Alikuwa ameshika furushi la nguo na sufuria moja. Brigita alimwomba ashuke, akamwambia ataacha darasa, akalia kabisa mbele ya wavushaji. Bibi akamwambia mvushaji asukume.

Saa tisa ilipokaribia nilimwona Brigita amesimama na shuka mkononi, uso kuelekea mtoni. Nikamuuliza kama anataka kwenda kumtoa Bibi kule.

"Nataka," akasema. "Nataka sasa hivi."

Kengele ya darasa ikalia. Akanikabidhi lile shuka likiwa bado linadondosha maji, akapangusa mikono kwenye kanga yake, akaingia.