Mkurugenzi wa Nyuma ya Pazia

Baba alipofariki, mama alirithi vitu viwili ambavyo hakuviomba: eda na ukurugenzi. Eda alikuwa akiijua. Ukurugenzi ulikuja pamoja na wakili.

Baba na ami, yaani mdogo wake, walikuwa na kiwanda cha barafu huku kwetu Kisauni. Ilikuwa kampuni hasa, imesajiliwa, na katiba yake ilitaka wakurugenzi wawili. Matanga yalipoanuliwa, ami akaja kusema nafasi ya marehemu aishike mama. Watu wakamsifu kwa kumtukuza mjane wa nduguye. Mimi sikumsifu. Nilimjua ami. Alimtaka mkurugenzi ambaye kwa miezi minne na siku kumi hatatoka nje, hatakiona kiwanda, na atatia mkono palipowekwa alama.

Basi mikutano ya kampuni ikahamia nyumbani. Mama, na nguo zake nyeupe, alikaa chumbani nyuma ya pazia, kwa kuwa shemeji si maharimu wake. Ami na wakili walikaa ukumbini. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nimerudi kwetu kumshughulikia mama, na kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni nikipitisha karatasi. Wakili alikuwa mtu wa bara, mpole, na bodi ya namna ile hajapata kuiona. Siku ya kwanza alisimama, akaweka mkono kifuani, akalisalimia pazia la jikoni kwa heshima zote. Aliyemjibu ni kuku.

Tulipomwelekeza pazia lenyewe, alieleza kazi ya mkurugenzi taratibu, kama anayemsomesha mtoto.

"Mama, ukishatia sahihi, jambo hilo ni lako. Kampuni ikidhulumiwa kwa sahihi yako, korti itakuita wewe pia. Haitakubali useme hukujua."

"Hata kama niko ndani, sioni kitu?"

"Hata hivyo. Ni wajibu wako kuuliza."

Mama akauliza tena, "Na marehemu alikuwa akiyajua haya?"

Ami akakohoa. Marehemu baba, Mungu amrehemu, alikuwa akitia sahihi kila alicholetewa, mara nyingine mkono wa pili ukiwa kwenye sahani ya wali.

Ami alikuwa na hesabu zake, lakini alisahau kitu ambacho mtu wa Mombasa hafai kukisahau. Mwanamke aliye edani haendi popote, ni kweli, lakini mtaa mzima huenda kwake. Kila alasiri walikuja, mmoja na kaimati, mwingine na pole zake tu, na wote na habari. Nakwambia, ukitaka kujua nani kaachwa na nani kaposwa, kakae na mjane. Mama alikuwa akisikiliza, akivuta tasbihi yake, haulizi sana. Mama wa dereva wetu ndiye aliyesema kwamba mwanawe ameambiwa ajitayarishe kuwa na tajiri mpya. Siku ya pili jirani akaongeza kuwa kaka wa mke mdogo wa ami amesafisha uwanja wake Changamwe, anangoja lori.

Lori la barafu lilikuwa moja tu. Likiondoka, kiwanda kingetengeneza barafu ya kumwagilia maua, na sisi tuliokula kwa kiwanda hicho tungeyala hayo maua. Na bila sahihi ya mama haliuzwi.

Ami alipoileta karatasi ya kuliuza, alijaa upole.

"Lori lishachoka, shemeji. Nimepata mnunuzi, mtu wa Changamwe, mcha Mungu wallahi."

"Alhamdulillahi," mama akajibu kutoka ndani. "Twamjua?"

"Wewe humjui."

"Na mkeo mdogo, yeye hamjui? Maana nasikia wamenyonya ziwa moja."

Wakili akaiweka kalamu mezani, akamgeukia ami. "Mzee, ni kweli? Mkurugenzi akiwa na maslahi yake katika biashara ya kampuni, sharti aseme kwenye mkutano, kabla. Hukuniambia."

Ami akalikemea pazia. "Nani kakwambia hayo, nawe huendi popote?"

"Mimi nimekaa tu, shemeji. Waendao ni wengine."

Nilicheka, sikujizuia. Ami akanikata jicho, kisha akaishusha sauti. "Tia mkono, shemeji. Haya ni mambo ya nyumbani. Marehemu angetia."

Hapo alikosea. Nilichungulia, nikamwona mama anajifuta macho kwa ncha ya shuka, na nilimchukia ami siku ile kwa moyo wangu wote. Kisha karatasi ikarudi chini ya pazia, nyeupe vilevile.

"Marehemu alikuwa ndugu yako, akakuamini," mama alisema. "Mimi huyu bwana amenambia niulize."

Lori halikuuzwa. Eda ilipokwisha, ami alituletea halua, akasema kazi ile ni nzito, sasa mama apumzike, tumtafute mwanamume aishike. Mama aliila halua, akamshukuru sana. Asubuhi yake akavaa buibui, akanambia nimfuate kiwandani.

Ami na wakili walikuwa ofisini. Mama aliwasalimu, akakiendea kiti cha baba, akakaa. Mkono wa kiti ulikuwa umelika pale baba alipozoea kuegemeza kiwiko. Mama alipougusa, akalia kilio ambacho miezi yote ile sikukisikia, mbele ya wanaume, bila kujificha. Nami nililia.

Kisha akapangusa uso. "Haya. Lori liko wapi saa hii?"

"Limepeleka barafu Miritini," ami akasema.

"Kwa nani?"

Ami akatazama mlangoni, akatazama dirishani. Nadhani alikuwa akilitafuta pazia.