Omena Nyuma ya Pazia

Omena, wale dagaa wa ziwani, zikikaangwa, hata leo uzeeni, pua hunirudisha kwanza kwa nyanya yangu. Alikuwa akizianika juani juu ya gunia, mimi nafukuza kuku. Kulikuwa na jogoo mmoja kilema, mwizi huyo, weee! Lakini tumwache, nitapotea. Ninachosema ni kwamba harufu ile niliijua kabla sijaletwa Dubai kwa mama.

Tulikaa mtaa wa Muraqqabat, nyumba moja watu tisa, kila mmoja na kitanda chake na pazia lake. Chetu kilikuwa dirishani. Mshika ufunguo aliyetupangisha vitanda, Anko Barasa, alikitaka kwa ajili ya binamu yake. Basi siku moja kifurushi cha omena cha nyumba nzima, kilichotoka kwetu, kikapotea jikoni.

"Mama Odhi," Anko Barasa akamwambia mama mbele ya watu, "mtu wa ziwa hapa ni wewe. Nani mwingine?" Wakacheka. "Ijumaa tukimaliza maombi, beba virago. Khalas, yameisha."

Ijumaa ndiyo ilikuwa Jumapili yetu, maana ndiyo siku tuliyopewa mapumziko. Tukabanana sebuleni, jasho tele. Mama akaomba asome yeye. Akafungua Zaburi, yale maombolezo ya mtu anayewindwa bila kosa, na wanaomwinda ni wale aliokula nao. Alisoma polepole, sauti haitetemeki. Mimi joto likanizidi, nikawasha kiyoyozi kilichokuwa juu ya kitanda cha Anko Barasa, pale pale sebuleni. Hakikuwa kimeguswa tangu baridi ianze.

Jamani! Pazia lake likapeperuka, na omena zikanukia chumba kizima. Kifurushi kilikuwa chini ya mto wake.

"Anko!" akapasuka dada mmoja wa Kampala. "Hata samaki wametoa ushuhuda!"

Aleluya zikapigwa mpaka jirani akagonga ukuta. Mama akafunga Biblia, akaenda kuzikaanga na nyanya na vitunguu.

Miaka mingi nilidhani siku ile alikuwa akimlilia Mungu. Nimezeeka ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi ile hakuwa amefungasha hata soksi moja. Hakuwa akilia yule. Alikuwa ameshtaki, anangoja hukumu.

"Anko, kaa ule," mama akamwambia omena zilipoiva.

"Nachukua mkate dukani hapo chini," akajibu. Akaweka ufunguo mezani, akavaa ndala. Mama akamfunikia sahani yake. Tulikula, tukaimba, tukalala, na sahani ile ikabaki imefunikwa. Anko Barasa hakurudi tena.