Matawi ya Mijohoro Ukingoni mwa Manchira

Asubuhi ile tulikata matawi kwenye mijohoro ya uzio wa shule, tukayachomeka ardhini mojamoja ukingoni mwa bwawa la Manchira. Mimi ndiye niliyekuwa napima nafasi kwa hatua zangu ili mistari inyooke. Mwenzangu mmoja alichomeka upande, nikamfokea, nikang'oa tawi lake na kulichomeka upya. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa mkali kuhusu mistari, siku ambayo hakukuwa na mti hata mmoja wenye mzizi, natamani kujifunika shuka.

Nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha kutunza bwawa. Watu wa mji wa Mugumu wanakunywa maji ya Manchira, na ng'ombe wetu walikuwa wanashuka popote, wanabomoa kingo, tope linaingia majini. Tukakaa iritongo, mkutano wetu wa kimila, wazee wakatamka: hakuna ng'ombe kupita kwenye ukanda wa ukingoni mpaka miti ikue, na atakayepitisha atatoa mbuzi aliwe na wote. Tulikubaliana sehemu moja tu ya kunyweshea, mbali kidogo. Maneno yale niliyaandika mwenyewe kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Miche tukapanda, wanaume kwa wanawake, na ikashika.

Halafu kiangazi kikabana. Ile sehemu ya kunyweshea ilikuwa mwendo wa kuzunguka, na goti langu lina ugomvi wa muda mrefu na mimi. Siku moja nikasema leo tu. Nikapitisha ng'ombe wangu katikati ya miche, wakanywa, tukarudi mapema, nikajiona mjanja. Hakuna aliyenidai mbuzi. Nani angeanza kumdai katibu? Kesho kutwa yake nikakuta alama za kwato ambazo si za ng'ombe wangu, na mimi nitamwambia nani nini? Kiangazi kilipokwisha, ukanda mzima ulikuwa umekanyagwa na kutafunwa. Watu hawakunilaumu hata kidogo. Walinifuata tu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Pale ningeweza kunyamaza. Lakini niliitwa kwenye kikao cha ofisi ya mazingira Mugumu, nikaulizwa mbele ya watu miche yetu inaendeleaje, nikasimama nikasema inaendelea vizuri sana. Sikupanga kusema hivyo. Nilisikia watu wananipigia makofi na nikaketi nimevimba kichwa.

Makofi yale yalifika mbali. Katika kisiwa kimoja kidogo cha Ziwa Victoria kulikuwa na kikundi cha akina mama waliotaka kufunga mlima wao, usikatwe kuni wala usilishwe mbuzi. Mlima wenyewe ulikuwa umebaki mawe, kwa kuni za kubanikia samaki na kwa mbuzi, na chemchemi ya chini yake ilikuwa inakauka. Kisiwa kizima kilikuwa kimekubali isipokuwa mzee mmoja mwenye mbuzi wengi kuliko wote, na bila yeye kufunga kusingekuwa na maana. Mzee alisema hivi: nipelekeni kwa wafugaji waliofunga ardhi yao, nione kwa macho yangu, nikiona nitafunga. Ofisi ya mazingira ikawakumbuka watu wa Manchira.

Taarifa ilitufikia wageni wakiwa wameshapanda basi Musoma. Nikakusanya kikundi. Nilitaka kusema tuwaambie ukweli, nadhani nilitaka, lakini aliyetangulia kusema alisema, "Mura, ndugu yangu, wageni si wanapita tu? Wataangalia, watakula, wataondoka." Nikamshukuru kimoyomoyo kwa kunitangulia. Tukachukua mapanga tukaenda kwenye uzio wa shule.

Walifika karibu na saa sita. Mama mwenyekiti wao alikuwa mwembamba, mwepesi wa mwendo, na mzee alikuwa na fimbo na koti zito kama mtu aliyekuja kwenye baridi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba," akasema, macho yake yakiwa tayari kwenye mistari. Nikaanza kueleza. Nilieleza iritongo, nikaeleza mbuzi wa adhabu, nikaeleza jinsi tulivyovumilia kiangazi. Nilieleza vizuri mno. Majani yalikuwa yameanza kulala kwa jua, nikasema ni joto la mchana, jioni yanaamka.

Mama yule akainama kushika mche uliokuwa karibu na mguu wake. Ukatoka mzima mkononi mwake, tawi na ncha iliyochongwa kwa panga. Aliutazama, akanitazama mimi. Mzee alikuwa mbele kidogo, ametupa mgongo. Mama akaurudisha shimoni haraka, akaubana udongo kwa kisigino, akanisogelea na kusema kwa sauti ya chini, "Katibu, nakuomba, mzee asione. Tukirudi bila yeye kukubali, chemchemi ndiyo basi."

Ningefurahi kama angenitukana. Alinisaidia kudanganya, kwa sababu sikumwachia njia nyingine. Chakula cha mchana kilipoletwa nikasingizia tumbo, nikashika kazi ya kunawisha wageni. Mzee alikula ugali na nyama, akanawa, akaaga. Tuliwapungia mikono. Wenzangu wakashusha pumzi, wakacheka, wakasema nimewaokoa.

Miaka miwili ikapita. Ukanda wetu ulikuwa vilevile, mweupe, na kwato zimeandikwa mpaka majini. Siku moja nikapigiwa simu na mama yule. Mlima umefungwa, alisema, miti imeshika, na kijiji kinamwalika katibu wa Manchira kwenye sherehe. Nilitafuta kisingizio siku nzima na sikukipata. Nikapanda basi mpaka Musoma, kisha mtumbwi wa injini, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kutabasamu.

Kilichokuwa mawe kilikuwa kijani. Si msitu, lakini vichaka vilikuwa vimepanda mlima mpaka mabegani, na mbuzi walikuwa wamefungwa mazizini wanakatiwa majani. Walinikalisha kiti cha mbele. Mzee akasimama na koti lake lilelile, akasema mbele ya kisiwa kizima, "Haya yote tulijifunza Manchira. Huyu hapa ndiye mwalimu wetu." Wanawake wakapiga vigelegele. Nimeishi zaidi ya miaka hamsini, na sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama nilivyotamani wakati wa vigelegele vile.

Baadaye mzee akanishika mkono akanipeleka kwenye chemchemi, sisi wawili. Maji yalikuwa yanatoka chini ya jiwe, membamba, safi. Akachota kwa kikombe akanipa. Nilikunywa, kisha akasema anataka kuja tena Manchira kabla hajafa, aone miti yetu imefika wapi. Hapo nikashindwa.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Haikuwa miti. Yalikuwa matawi. Miche ililiwa na ng'ombe, na ng'ombe wa kwanza walikuwa wangu. Mpaka leo hakuna kitu pale."

Alikunja uso kidogo, akatwaa kikombe chake.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mimi nimechunga mbuzi tangu nikiwa mtoto. Jani linalokunywa na jani linalokufa unadhani siyajui? Na huyu mama yetu nilimwona akiurudisha ule mche wako shimoni. Usimwambie kwamba niliona. Alihangaika sana."

"Sasa mzee, kwa nini ulikubali kufunga mlima?"

Aliosha kikombe, akakifunika juu ya jiwe.

"Niliona watu wazima, wenye ng'ombe na nyumba za bati, wamechomeka matawi ardhini ili wamdanganye mgeni. Nikajiuliza, mtu anafikaje hapa? Nikaona anafika kwa kusema leo tu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakuonea haya wewe. Nilipofika nikawafungia mbuzi, nisije nikasimama mbele ya wageni kama ulivyosimama."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza dawa iliyomponya. Kisha akanipa mche wa mjohoro kutoka kwenye kitalu chao, ukiwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, mizizi imetoboa chini. Niliupakata mtumbwini na ndani ya basi, na kila aliyeniuliza ni wa nini nilijifanya nimelala.

Niliupanda ukingoni, nikauzungushia miiba. Ng'ombe wangu sasa wanazunguka njia ndefu, goti liume lisiume, na majirani wawili wameanza kuzunguka pia. Siku niliyopanda, wenzangu wa kikundi walikuja kuutazama, wakaniuliza yule mzee wa kisiwani amesema nini kuhusu sisi. Niliwaambia anatushukuru sana.