Namba Niliyoikosea, Mama Mkwe Akaibeba

Jamani, mimi ndiye niliyekosea, si yule mama! Hata mke wangu hajui hili ninalokuambia.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Bariadi. Kituo kimoja cha afya cha binafsi, maeneo ya Somanda, kiliniita niwaunganishie kompyuta ili majibu ya maabara yafike wodi ya wazazi bila mtu kutembea na karatasi. Nesi mkuu wa wodi hiyo ni mama mkwe wangu. Kwa sisi Wasukuma unajua ilivyo, mkwilima, yaani mume wa binti, haingii ovyo chumba alimo mama mkwe wake.

Sasa sikia ujinga wangu. Kila kompyuta hupewa anwani yake, halafu huwekewa subnet mask, namba inayoiambia mtaa wake unaanzia wapi na kuishia wapi. Niliweka mask inayoishia na 224. Kichwani mwangu 224 ilikuwa idadi ya kompyuta zinazoweza kuonana. Bingwa mzima! Kumbe unatoa 224 kwenye 256, jumla ya namba zote, unabaki na 32, na huo ndio ukubwa wa kila mtaa. Mtaa wa kwanza unaanzia sifuri na kuishia 31, wa pili unaanzia 32. Maabara niliipa anwani inayoishia na 20. Wodi nikaipa 40, eti niache nafasi katikati. Zikawa mitaa miwili isiyo na njia kati yake.

Ningejaribu kutuma jibu moja tu ningegundua. Lakini mkwe alikuwa mle ndani! Kompyuta ya wodi niliiandaa kwenye benchi la korido, mhudumu akaiingiza, akarudi kuniambia taa ya waya inawaka. Nikasema imekwisha, nikaondoka.

Kesho yake akaletwa mzazi kutoka Mwamapalala, amejifungulia njiani, damu haikatiki. Daktari anataka kujua kundi la damu, anamuuliza mkwe kwa kumwita Mayu, yaani mama.

"Mayu, majibu vipi?"

"Hayajafika, daktari!"

Maabara wao wanajua wameshatuma. Mkwe anabonyeza, skrini tupu, mashuka yanaloa. Walipopigiana simu ndipo mtu wa maabara akaja mbio na karatasi mkononi. Yule mzazi alipona kwa rehema za Mungu tu. Daktari alisema nusura wamkose.

Nikaitwa. Mkwe alikuwa ofisini anahojiwa, kwa hiyo safari hii niliingia wodini bila aibu. Nilipoiona ile 40, nikakumbuka mtaa wa maabara unaishia 31. Nikaibadilisha ikawa 25, majibu yakaonekana papo hapo. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akanikuta hapo hapo.

"Kwa hiyo mashine ni nzima?"

"Nzima, mkuu."

"Basi ni huyu mama, hajui kuitumia."

Nikanyamaza! Niliogopa kukosa kazi, na niliogopa zaidi kuonekana zumbukuku ukweni. Nilisimama pale nikijifanya nakunja waya.

Wakamtoa wodini. Mwanamke aliyewazalisha kina mama wa mji huu tangu ujana wake, leo anakunja mashuka stoo! Mimi chakula hakipiti. Mke wangu akiniuliza ninaumwa nini, namfokea bure.

Jana mke wangu aliniletea ujumbe wa mama yake, maana mwenyewe hawezi kunikabili.

"Mama anaomba ukipata nafasi umfundishe kompyuta. Anasema usiku anamwona yule mzazi. Anaogopa asije akaua mtu."

Nikamjibu sawa, nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Kesho asubuhi naenda kwa mganga mfawidhi kusema yote, wanifukuze wakitaka. Mafundi wenzangu, nawasihi! Usiiamini taa ya waya. Hesabu mitaa yako vizuri, ingia chumbani hata kama kuna mkwe, tuma jibu uone likifika. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajaanza kuamini kwamba kosa lako ni lake.