Mstari wa Majivu

Harufu ya majivu yaliyoingia maji hunirudisha kwenye uwanja wa shule yetu, Mwakitolyo, siku ya Saba Saba, miaka ya sabini, nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa fundi wa kulipua miamba machimboni, basi kijiji kilimwachia kazi ya fataki za sherehe, akazitengeneza mwenyewe kwa baruti na utambi. Kila mwaka alimwaga mstari wa majivu kuzizunguka, na watoto tulibaki nje ya mstari. "Utambi ukizima," alituambia, "mtu asiusogelee mpaka ng'ombe warudi zizini." Hakuna mtoto aliyewahi kuungua. Nilimjivunia kupita kiasi. Shuleni nilitamba utadhani majivu yale nimeyamwaga mimi.

Mwaka ule mgeni rasmi alikuwa ameshasimama fataki ya kwanza ilipozima bila kulipuka. Watu wakaguna. Mwenyekiti wa kijiji akasema kwa sauti, "Fundi, leo umetuletea moshi tu?" Baba akacheka kicheko ambacho hakikuwa chake, akageuka, akaniona. Aliniita mayu, yaani mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Mayu, wewe una mbio. Kaangalie kama utambi bado una moto." Nikayatazama majivu, nikamtazama yeye. Akanipungia mkono niende, nami nikavuka.

Nilipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Kilichoniumiza zaidi nilikisikia hospitalini, wakidhani nimelala. Mama aliuliza, "Baba Kabula, nani alimruhusu avuke?" Baba akajibu, "Nani amruhusu? Kavuka mwenyewe. Watoto wa siku hizi hawasikii." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Nilimchukia palepale, na kesho yake aliponiletea uji nikaunywa wote.

Siku hizi tunaishi Kalangalala, ambako fataki zinauzwa dukani, zina rangi, na vijana huziwasha zikiwa mkononi mpaka niwapokonye. Baba amezeeka sana, lakini bado anamwaga majivu. Krismasi iliyopita aliwaambia wajukuu zangu, "Msivuke. Bibi yenu huyu alivuka kwa ukaidi." Mdogo wao akaushika mkono wangu wenye vidole vitatu. "Bibi, kwa nini ulivuka?"

"Nilitumwa," nikasema.

Baba hakuinua macho. Aliendelea kumwaga majivu palepale, juu ya mstari aliokwisha kuumaliza.