Kontena Linalogongwa Jioni

Fundi wa pikipiki anayefanya kazi mkabala na meza yangu ya mikate, hapa Kasongo, hafungi kontena lake bila kuligonga. Mchana kutwa hukaa mlangoni, maana ndani joto la bati linampika mtu. Mikono yake ni myeusi hadi viwikoni, lakini kila spana huifuta kwa kitambaa kabla ya kuirudisha kwenye msumari wake. Jioni husukuma milango, hushusha vyuma, na kabla ya kutia kufuli hupiga bati kwa kiganja, kisha hutega sikio. Sisi wauzaji tulimcheka sana. Mounira, muuza nyanya, alikuwa akimpigia kelele: "Fundi, nyundo ziko zinakujibu?" Yeye hutabasamu tu na kuendelea kusikiliza.

Jumamosi iliyopita aligonga, na ndani kukagongwa pia. Akaitupa kufuli, akavuta milango kwa mikono miwili. Akatoka dereva mmoja wa pikipiki, mtu wa mji wa Salamabila, shati limelowa chapachapa. Alikuwa amejilaza nyuma ya matairi akingoja pikipiki yake itengenezwe, usingizi ukamchukua. Fundi akamshika mabega, akamtazama usoni, akamtazama tena. Halafu fundi mwenyewe ndiye aliyekaa chini. "Aksanti, ndugu yangu," akasema. "Aksanti umenijibu. Kuna mmoja nilimfungia zamani bila kugonga, asubuhi hakunijibu tena." Mounira alileta maji, akampa dereva, akampa na fundi.

Sasa jioni, fundi akiinua kiganja, meza zote zinanyamaza. Tunasikiliza naye.